Damu Iliyokwenda Mjini

Nyabushozi, saa kumi na mbili na robo,
umande umenilowesha hadi magotini.
Nuwagira amemkumbatia ndama shingoni,
mimi nimeshika kibano,
na kupe wa kahawia, tumbo limemjaa,
amening'inia sikioni kama mdai mlangoni.

Namng'oa polepole, asiache mdomo nyamani.
Wa kumi na tisa. Wa ishirini.
Kila mmoja na kichupa chake, kila kichupa na namba,
ingawa mvua ya jana imenifutia namba ya tatu.

Kisha sindano, mshipa wa sikio, tone moja.
Nalivuta juu ya kioo kwa ukingo wa kioo kingine
mpaka liwe jembamba
kama utando wa maziwa yaliyopoa.

Kyarisiima anatazama, mikono kiunoni.
"Jana ulichukua ya Bihogo, leo ya mwanawe.
Kupe ananyonya, nawe unanyonya.
Mnatofautiana wapi, mtoto wa Tororo?"

Nikacheka. Hakucheka.
Nikamwambia, mama, kupe haleti majibu.
Akasema, "Na wewe je?"

*

Kampala kuna kabati lenye joto lisilobadilika.
Humo kupe wa Kyarisiima walitaga maelfu,
mayai yanang'aa kama ulezi uliooshwa.
Yakaanguliwa vitoto vya miguu sita
(miwili ya mwisho huchelewa, kama magego)
nikawafungia katika bahasha zilizolowekwa dawa,
dawa ileile anayoichanganya Nuwagira kwa kukadiria:
kifuniko kimoja, na nusu nyingine kwa hasira.

Kesho yake nikafungua.
Nilitarajia vumbi.
Walikuwa wakitembea.
Wakapanda ukingo wa karatasi, wakainua miguu ya mbele,
wakamtafuta ng'ombe
pale mezani, kati ya kikombe changu na daftari.

Dakta Wabwire akainama, akahesabu, akahesabu tena.
"Matokeo mazuri sana," akasema,
kisha akajisikia, akavua miwani
akaifuta muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

Na chini ya darubini, ndani ya chembe nyekundu,
nikakiona: nukta na kimkia,
alama ambayo mwalimu wa sarufi aliiita mkato,
mahali pa kuvuta pumzi.
Ndigana kali.
Chembe baada ya chembe, mkato, mkato, mkato,
na sentensi yenyewe haifiki popote.

Nikajaza jedwali. Umri, wilaya, idadi ya kupe.
Hapakuwa na safu ya kuandika
kwamba huyu ni mwana wa Bihogo,
na kwamba Bihogo ana wekundu wa udongo
dakika chache baada ya mvua.

*

Siku ya kumi na moja nilitoka Rushere kwa bodaboda,
karatasi ndani ya shati isinyeshewe.
Kabla sijashuka niliiona ngozi
imewambwa kando ya zizi.
Nikahesabu vigingi. Sikukusudia. Ni mazoea.

Kyarisiima hakuniuliza karatasi.
Aliing'oa ile ngozi, akainyunyizia chumvi,
akamsogezea Bihogo puani,
maana ng'ombe wetu huyu haachii maziwa
mpaka mwanawe amguse.
Bihogo akanusa.
Akalamba, akalamba kwa ulimi mrefu wa buluu,
na maziwa yakashuka, yakalia ndani ya chombo
kama kwamba hakuna kilichotokea.

"Soma," akasema, bado anakamua.
Nikasoma: dawa ile haiui tena, msiitumie.
"Tutumie ipi?"
Jibu lilikuwa na maneno mengi.
Nikaona nimpe mawili: bado tunatafuta.

Alimaliza kukamua kwanza.
Kisha akamvuta mtamba mwingine, mwenye baka jeupe,
akanigeuzia sikio lake kwenye mwanga.
"Haya, kupe wangu. Nyonya.
Ila safari hii uwahi."

Nikafungua kibano.
Namba nikaandika kwa kalamu ya risasi,
ile ambayo mvua haiifuti.